Kurekebisha foto ya jengo la zamani la Lubumbashi bila kulibadilisha sura

Foto nyingi za kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo zinazofika kwenye studio yangu hapa Kamalondo zina shida moja: tofali limekuwa rangi ya chungwa. Wakati wa kiangazi hewa yetu inajaa mavumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Mwanga wa jioni unapita humo ukiwa tayari wa chungwa, halafu simu nayo inakoleza. Tofali lenyewe halina rangi ile. Ndiyo maana mimi naanza na rangi, mengine baadaye.

Kwanza fanya nakala, ile ya asili usiiguse kabisa. Kama simu yako inaweza kupiga faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo simu haijaichakata, tumia hiyo, kwa sababu ina nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha.

Sasa tafuta ndani ya picha kitu unachojua kuwa ni cha kijivu: ngazi ya saruji, ukingo wa barabara, nguzo ya zege. Gusa hapo kwa kidonezi cha rangi, kile chombo cha programu ya kurekebisha foto kinachosoma rangi ya mahali unapogusa, programu ijipime. Lakini chagua saruji inayopigwa na jua lilelile linalopiga ukuta. Kivuli kinaangazwa na mbingu, kwa hiyo kina bluu ndani yake. Ukipimia kwenye kivuli, programu itaondoa ile bluu na ukuta utawaka zaidi ya mwanzo. Ukishapata kijivu safi, rudisha joto kidogo. Kama ulipiga jioni, picha ibaki ya jioni.

Tofali likiwa bado kali, shusha ukolezo wa rangi ya chungwa peke yake, nyekundu uiache. Hapo uangalie watu waliosimama mbele ya mlango. Ngozi zetu nazo zina chungwa ndani, na ukishusha kwa picha nzima, nyuso za mama na watoto zinageuka majivu. Weka maski juu ya ukuta tu, yaani chagua eneo lile ili badiliko lisiguse kwingine.

Baada ya rangi, nyoosha kuta. Ukiinua simu ili upate kilele, jengo linaonekana linalala nyuma. Chombo cha kunyoosha kipo kwenye programu ya Snapseed, kipo kwenye Lightroom pia. Vuta mpaka kuta zikaribie kusimama wima, kisha uache kidogo. Ukizisimamisha kabisa, jicho linaona kama jengo limepanuka juu. Kama ukuta una dirisha la duara, litumie kupima: likiwa yai, umevuta jengo kupita urefu wake, basi libane kwa upande wa urefu. Kazi hii inakula pembe za picha. Kwa hiyo siku ya kupiga rudi nyuma hatua kadhaa, uache nafasi pande zote.

Kijana ninayemfundisha huniambia, “Yaya (yaani mkubwa wangu), weka tu mbingu ya bluu, iko rahisi.” Ni rahisi kweli, na mimi nakataa. Mwezi wa sita jua la saa sita mchana kwetu linapita upande wa kaskazini, na vivuli vinaangukia kusini. Mbingu ya wakati ule ni nyeupe-nyeupe karibu na upeo. Ukibandika mawingu mazito ya mvua juu ya nyasi kavu, mtu wa Lubumbashi anajua papo hapo kwamba umemdanganya, na baada ya hapo haamini hata tofali. Shusha sehemu zenye mwanga mwingi, kisha giza dogo lianzie juu ya picha na kuisha taratibu kabla ya paa. Pale palipoungua kuwa peupe kabisa hakuna cha kuokoa. Ukilazimisha unapata kijivu kichafu.

Vivuli vya ndani ya milango na madirisha viinue kidogo sana. Giza lile ndilo linaonyesha unene wa ukuta.

Kwa foto za bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Gécamines na terili yake, kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha, moshi wa mbali ni sehemu ya picha. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mji ukiwa na mwaka mmoja tu na ukiitwa Élisabethville. Watu wanataka kuliona bomba likiwa mbali, juu ya mji. Punguza ukungu kwa maski, nusu ya kile mkono unachotaka. Ukiufuta wote, bomba linasogea mbele na umbali unapotea.

Nyaya za umeme zinazokatiza mbingu naziondoa. Zinazopita juu ya ukuta naziacha mara nyingi, maana kifutio kinanakili tofali la jirani na mistari ya saruji inakosa kukutana. Kuza picha mpaka asilimia 100 utaona. Nyufa, rangi iliyobanduka, alama za maji chini ya paa: hizo sigusi hata mteja akiomba. Kesho ukuta ukikarabatiwa, foto hiyo ndiyo itakayoonyesha ulivyokuwa.

Ukali wa mistari uongeze mwisho, baada ya kupunguza ukubwa wa picha, na uongeze kidogo, la sivyo kila tofali litaonekana limepasuka. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti, isibanwe. Kama ni ya kuchapa, ongeza mwanga kidogo kuliko unavyoupenda kwenye skrini, kwa sababu karatasi haitoi mwanga wake, na uchape kipande kidogo cha ukuta kwanza kabla ya kulipia ukubwa wote.