Xiangyunsha: namna hariri inavyotiwa rangi kwa kiazi, jua na tope la mto

Xiangyunsha ni hariri ya Shunde, katika jiji la Foshan, mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Uso wake ni mweusi unaong'aa, na mgongo wake ni kahawia nyekundu. Mwaka 2008 ufundi huu uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya China ya urithi wa utamaduni usioshikika. Msimu wake ni kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba au Novemba, jua linapopatikana. Njia ya mkato haipo: anayekuahidi jora zima kwa siku mbili anakuuzia kitu kingine.

Anza kwa kutoa gundi. Hariri mbichi ina gundi ya asili, serisini, inayozuia rangi kupenya. Weka kitambaa kwa saa moja katika maji ya moto sana yasiyotokota, yenye gramu 5 za sabuni ya mche kwa kila lita. Maji yakichemka kwa fujo, nyuzi huchubuka. Suuza hadi utelezi uishe. Kitambaa kitapoteza karibu robo ya uzito wake, na ndivyo inavyotakiwa.

Kiazi kinachotumika ni shuliang (Dioscorea cirrhosa), cha jamii ya viazi vikuu, chenye nyama nyekundu na tanini nyingi, yaani kemikali ya mimea yenye ukakasi, kama ile ya chai kali. Kiponde kikiwa kibichi, kiloweke, kamua, kisha chuja. Makapi hutiwa maji na kukamuliwa tena, lakini maji ya kwanza ndiyo makali. Chuja kwa makini, maana chembe moja ikigandia kwenye hariri huacha doa lisilotoka.

Loweka kitambaa, kitandaze juu ya nyasi fupi ngumu, kikaze kwa vigingi, kiache kikauke. Rudia. Nyasi hukiinua ili hewa ipite chini, na uso unaotazama jua uwe uleule kila mara. Mizunguko hii huweza kufika 30 au zaidi, kwa sababu tanini hujijenga juu ya uzi tabaka kwa tabaka. Ukipunguza, tope halitapata cha kushika. Maji yakituama mahali pamoja, patatokea pete nyeusi. Tone la mvua huacha alama. Jua likizidi ukali, kitambaa hukakamaa na kuvunjika, basi kitoe mapema.

Kisha huja tope, na hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Linachotwa katika mito ya huko, laini, bila mchanga wala taka, likiwa na chuma kwa wingi. Lichuje, likoroge liwe zito kama uji, lipake kabla ya mapambazuko kwenye uso uliokuwa ukitazama jua, upande huo tu. Acha kwa nusu saa hivi. Chuma hukutana na tanini na kuzaa weusi. Jua likitangulia kuchomoza, tope hukauka bila usawa na weusi hutoka mabaka. Likipenya hadi upande wa pili, kahawia ya mgongo imepotea. Osha kwa maji mengi, anika, halafu jioni kitandaze tena nyasini kinywe unyevu na kulainika.

Usikikate mara moja. Kiache miezi kadhaa kitulie, ukakasi upungue. Kwa mnunuzi, chomoa uzi mmoja uuchome: hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Weusi kufifia taratibu kwenye kingo na viwiko, kahawia ikijitokeza, ni tabia ya kitambaa hiki, na mimi naona hapo ndipo kinapopendeza zaidi.

Kifue kwa mkono, maji ya baridi, sabuni isiyo kali, bila kusugua, kukamua wala jiki. Anika kivulini. Piga pasi ya moto mdogo upande wa ndani, na kihifadhi kwa kutundika au kuviringisha, kwani mkunjo ukikaa muda mrefu hupasua utando mweusi na mstari wake haufutiki.