Kudhibiti hatua ya jeli katika sabuni ya njia ya baridi

Sabuni inayotengenezwa kwa njia ya baridi haibaki baridi. Uji wa sabuni ukishamiminwa kwenye kalibu, kostiki soda na mafuta huendelea kuungana, na muungano huo huzalisha joto lake wenyewe bila moto wowote kuwashwa. Joto hilo likipanda vya kutosha, sabuni iliyokuwa imeanza kushikana hulainika tena katikati, rangi yake hukoza na huanza kupitisha mwanga, mithili ya mafuta mazito ya kujipaka. Hiyo ndiyo hatua ya jeli. Kwa kawaida hutokea sabuni inapofikia kati ya nyuzi 60 na 80 hivi za Selsiasi, huanzia kwenye kiini ambako joto haliponyoki, kisha hutambaa kuelekea pembeni.

Sabuni iliyopita kwenye jeli na ile ambayo haikupita zote ni sabuni kamili. Kostiki humaliza kazi yake katika zote mbili, na zote huachwa zikomae kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kutumika. Tofauti zake ni za sura na za muda. Iliyopita kwenye jeli huwa na rangi zilizokolea, na mara nyingi huweza kukatwa baada ya siku moja. Isiyopita huwa na rangi za upole na uso usiong’aa, jambo linalopendeza sana katika sabuni ya maziwa, lakini hukaa laini kwenye kalibu kwa siku kadhaa. Kinachoharibu kazi ni jeli ya nusu: kiini hupita, pembe hazipiti, na kisu kikishuka kila kipande huonyesha duara jeusi katikati lenye ukingo mwepesi kulizunguka. Sabuni hiyo ni salama kabisa, lakini duara lake haliondoki, hata sabuni ikomae kwa muda gani. Kwa hiyo uamuzi wa kuipitisha sabuni kwenye jeli au kuizuia unapaswa kufanywa kabla ya kupima chochote, kisha kila hatua ielekee upande huohuo.

Maji ndiyo yanayotangulia

Wengi hukimbilia blanketi au friji, ilhali kiasi cha maji kinachoyeyusha kostiki ndicho kigezo chenye nguvu zaidi, nacho huamuliwa kwenye mizani. Kadiri maji yanavyokuwa mengi, ndivyo sabuni inavyofikia jeli katika joto la chini. Yakipungua, huhitaji joto la juu zaidi.

Chukua mfano wa gramu 1000 za mafuta: gramu 400 za mzeituni, gramu 300 za nazi na gramu 300 za mawese. Ukikusudia asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kuungana, utahitaji takriban gramu 144 za kostiki soda. Ukiiyeyusha katika gramu 370 za maji, kostiki inakuwa kama asilimia 28 ya mchanganyiko huo, na sabuni itaingia kwenye jeli kwa urahisi, wakati mwingine hata bila kufunikwa. Ukitumia gramu 288, yaani maji yenye uzito mara mbili ya kostiki, unafika takriban asilimia 33. Hapo ni katikati, na hapo ndipo jeli ya nusu huwakumba wengi, kwa sababu hali ya hewa ya siku hiyo inaweza kuamua matokeo. Ukishuka hadi gramu 216, kostiki ni asilimia 40, na sabuni hiyohiyo hukaidi jeli isipopewa joto la ziada. Uzito wa maji usiwe kamwe chini ya uzito wa kostiki, maana kostiki haitayeyuka vizuri. Ukibadilisha mafuta, hesabu ya kostiki hubadilika pia, na ni lazima ifanywe upya kwa kila aina ya mafuta.

Hapa inafaa kusisitiza usalama, kwa sababu mchanganyiko wenye maji machache ni mkali zaidi. Mimina kostiki kwenye maji, wala usimimine maji kwenye kostiki. Vaa glavu na miwani ya kinga. Fanya kazi mahali penye hewa. Na usitumie chombo wala kalibu ya aluminiamu, kwa kuwa kostiki huila na kutoa gesi ya hidrojeni inayoweza kuwaka.

Baada ya maji, angalia vitu vinavyoongeza joto. Sukari, asali, maziwa na bia vyote huchochea, na vivyo hivyo baadhi ya manukato, hasa ya maua na viungo kama karafuu na mdalasini. Umbo la kalibu nalo lina uzito wake. Kalibu ndefu na nene ya mbao hutunza joto vizuri, ile ya silikoni hulitunza kwa kiasi kidogo, na vikalibu vya kipande kimoja kimoja hupoteza joto haraka mno kiasi kwamba jeli huwa vigumu kuipata bila kusaidiwa.

Kuipitisha sabuni yote

Ukitaka jeli, changanya mafuta na maji ya kostiki yakiwa na nyuzi 40 hadi 50. Funika kalibu kwa ubao au kadibodi isiyogusa uso wa sabuni, kisha izungushie taulo nene au blanketi pande zote, pamoja na chini, kwa kuwa meza ya mawe au sakafu ya saruji hunyonya joto bila mtu kugundua. Pembe ndizo zinazohitaji kufunikwa zaidi, kwani kiini hujitosheleza chenyewe.

Kwa kalibu ndogo, au mahali penye baridi, oveni ni msaada wa uhakika zaidi. Ipashe hadi nyuzi 70 hivi, izime, weka sabuni ndani, funga mlango na uiache hadi kesho yake. Bandika karatasi mlangoni ili mtu mwingine asiiwashe. Njia hii isitumike kwa sabuni ya asali au maziwa, ambayo tayari ina joto la kutosha.

Chungulia kila baada ya nusu saa katika saa 3 au 4 za mwanzo, ukifunua kidogo na kufunika upesi. Duara linalopitisha mwanga litaonekana katikati na kupanuka. Likifika kingo zote, kazi imekwisha, na unachotakiwa kufanya ni kuiacha sabuni ipoe taratibu. Likisimama njiani, usingoje: ongeza blanketi au iingize kalibu kwenye oveni vuguvugu mara moja, kwa sababu pembe bado zinaweza kufuata ikiwa sabuni haijapoa. Sabuni ikishapoa kabisa, nafasi hiyo imepita.

Kuizuia

Kuizuia kunahitaji uamuzi wa mapema zaidi. Tumia maji machache, na uchanganye mafuta na maji ya kostiki yakiwa na nyuzi 30 hadi 35. Tahadhari ipo hapa: mafuta yanayoganda, kama mawese, yakipoa kupita kiasi huanza kushikana yenyewe, na uji huonekana mzito ilhali haujaungana. Ukiona chembechembe nyeupe, rudisha joto kidogo na uendelee kukoroga. Maziwa ni bora yagandishwe kwanza, kisha kostiki iongezwe kidogo kidogo juu ya vipande vyake vya barafu, la sivyo sukari yake huungua na kugeuka kahawia.

Sabuni ikishamiminwa, iingize kwenye friji au friza papo hapo, si baada ya kusafisha vyombo. Iache humo kwa saa 24, kwa kuwa ukiitoa mapema inaweza kupanda joto tena mezani. Kalibu kubwa na nene inaweza kupata jeli katikati hata ikiwa ndani ya friji, na hilo likitokea utakuwa umejitengenezea duara lilelile ulilokuwa ukilikimbia. Kwa sabuni isiyopita kwenye jeli ninapendelea kalibu nyembamba au vikalibu vidogo. Ikitoka kwenye baridi itatoka jasho la unyevu. Usiifute, iache ikauke yenyewe, wala usiharakishe kuikata. Sabuni ya namna hii ikikatwa mapema huvunjikavunjika pembeni, hivyo ibonyeze kwa kidole chenye glavu na usubiri hadi isibonyee, hata ikichukua siku 4 au zaidi.

Joto likizidi

Ufa unaopita katikati ya uso ni dalili ya kwanza ya joto kuzidi. Funua sabuni, inyanyue juu ya wavu ili hewa ipite chini yake, na uielekezee feni. Ufa ambao bado ni laini unaweza kubanwa kwa mikono yenye glavu. Mara chache joto huwa kali kiasi cha sabuni kuumuka na kumwagika, na kwa sababu hiyo sabuni ya asali ikae daima juu ya sinia pana. Ukiikuta na vijishimo vyenye majimaji ndani, usiyaguse kwa mkono mtupu, kwani yanaweza kuwa na kostiki.

Michirizi inayopitisha mwanga, hasa katika sabuni iliyotiwa titani dioksidi ili iwe nyeupe, ni kasoro ya sura tu. Hutokana na maji mengi yakikutana na joto kali, na dawa yake ni kupunguza maji katika sabuni inayofuata.

Upande wa pili, sabuni isiyopita kwenye jeli hupata kwa urahisi zaidi unga mweupe juu ya uso, ambao ni magadi yanayotokea kostiki ambayo bado haijaungana inapokutana na hewa. Kufunika uso wa kalibu na kuunyunyizia spiriti mara baada ya kumimina hupunguza unga huo, mradi hakuna moto karibu. Na ukitokea baada ya sabuni kukatwa, mvuke wa maji yanayochemka ukipitishwa juu ya kipande huuyeyusha.