Kabla hujafunga mizigo kwenda Sri Lanka

Ukipanga kwenda Sri Lanka, usianze na tiketi. Anza na upepo. Kusi na kaskazi, zilezile tunazozijua pwani yetu, ndizo zinazogawa mvua ya kisiwa hicho. Kusi ikivuma, Mei hadi Septemba, Colombo na Galle, upande wa kusini-magharibi, hulowa, huku Trincomalee upande wa mashariki ikipata jua na bahari shwari. Kaskazi ikiingia, mambo hugeuka. Kwa hiyo mwezi wa safari ndio ukuchagulie pwani. Sweta pia ipakie: Nuwara Eliya iko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi.

Huko juu ndiko kwenye chai, na usipande bila kujua habari yake. Waingereza walianza na kahawa. Kutu ya majani ilipoishambulia kuanzia 1869, wakageukia chai. Vibarua wa mashamba hayo walikuwa Watamil walioletwa kutoka kusini mwa India. Uhuru ukapatikana Februari 4, 1948, na sheria ya uraia ya mwaka huohuo ikawaacha wengi wao bila nchi, watu waliokwisha kuzaa na kuzika pale. Utamwona mama akichuma majani mawili na kichipukizi, mzigo umening'inia mgongoni kwa mkanda uliopita utosini, na nyuma yake safu ya vyumba vilivyobanana tangu enzi za mkoloni. Muombe ruhusa kabla hujampiga picha. Kwangu mimi hilo linatangulia mengine yote.

Watamil wa Jaffna ni wengine. Wao wako kaskazini tangu karne nyingi. Mwaka 1956 Kisinhala, lugha ya Wasinhala walio wengi kisiwani, kilifanywa lugha rasmi pekee, chuki ikakua, na vita vya serikali na wapiganaji wa Kitamil vilivyoanza 1983 havikuisha hadi Mei 2009. Jifunze salamu mbili: "ayubowan" kwa Wasinhala, "vanakkam" kwa Watamil. Habari za vita msubiri mwenyeji azianze mwenyewe. Nyumba nyingi zina mtu ziliyempoteza humo.

Fedha nazo ziangalie wiki ileile ya safari. Mwaka 2022 serikali ilishindwa kulipa madeni ya nje, watu wakalala kwenye foleni za mafuta, na Julai Rais Gotabaya Rajapaksa akakimbia nchi. Bei ulizosoma kwenye makala za kabla ya hapo zisahau.

Tazama pia kalenda ya mwezi. Kila mwezi mpevu ni sikukuu, iitwayo Poya: ofisi hufungwa na pombe haiuzwi. Hekaluni vua viatu, funika mabega na magoti, wala usiipe mgongo sanamu ya Buddha ili upigwe picha.

Mwisho, kadi ya njano. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, hudaiwa cheti cha chanjo, nacho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Usiiache hadi wiki ya kuondoka.