Mwalimu, Usishindane na Kelele za Darasa
Mwalimu anayefundisha wanafunzi 80 chini ya paa la bati hupandisha sauti bila kujijua kila kelele zinapoongezeka, tabia ya kimaumbile ambayo daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza mwaka 1911, na wanafunzi nao, wakiisikia sauti imepanda, hupandisha zao. Anayeumia ni mwalimu, kwa sababu nyuzi za sauti zilizomo kooni hugongana kwa nguvu zaidi kadiri anavyopaza, na zikigongana hivyo siku baada ya siku huvimba, hata kuota vinundu.

Kwa hiyo, kelele zikizidi, nyamaza kwanza. Piga makofi kwa mdundo ambao darasa zima limezoea kuuitikia, usubiri utulivu, ndipo uendelee kwa sauti ya kawaida huku ukiwatazama wanafunzi kwa karibu, si ukiwa umeelekea ubaoni. Mvua inapopiga bati, wape kazi ya kuandika au kusoma kimya. Huko si kupoteza kipindi, kwani hakuna koo linaloweza kuishinda mvua ile. Kunywa maji kidogo kidogo, na ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi la chaki lisikuwashe koo.

Sauti ikikauka, ipumzishe kabisa, maana kunong'ona kwa kulazimisha nako huichosha. Inasikitisha kwamba walimu wengi huuona ukwaruzo kuwa sehemu ya kazi. Ukidumu zaidi ya wiki 3, mwone daktari wa masikio, pua na koo.