Jinsi ya kufundisha habari za jaji aliyepigiwa kura

Ukifundisha Uraia hapa Tabora ukataja jaji aliyegombea kiti, darasa litacheka. Wanajua majaji wetu huteuliwa na Rais, na ibara ya 113A ya Katiba inawakataza majaji na mahakimu kujiunga na chama cha siasa. Kwa hiyo usianze na maelezo marefu. Shika mtu mmoja tu. Mimi humtumia Sandra Day O'Connor, jaji wa zamani wa Marekani, nchi ambayo baadhi ya majimbo yake huchagua majaji kwa kura.

Chora jedwali ubaoni: mwaka, kiti, nani aliyempa. Safu ya tatu ndiyo somo lenyewe. Mbili za mwanzo hata anayesinzia atazinakili.

Mwaka 1952 alihitimu sheria Stanford, na kampuni za mawakili zikamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Hapo pita haraka. 1969, Seneti ya jimbo la Arizona: gavana alimteua kuziba nafasi iliyoachwa wazi, kisha wapiga kura wakamrudisha. Baadaye akawa kiongozi wa wengi, yaani wa chama chenye viti vingi, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika seneti yoyote ya jimbo Marekani. 1974, ujaji wa Kaunti ya Maricopa, huko huko Arizona: wapiga kura. Weka chaki chini, waache wabishane. 1979, Mahakama ya Rufani ya Arizona: aliyemteua ni gavana Bruce Babbitt wa chama cha Democratic, ilhali mama huyu ni wa chama pinzani, Republican. 1981, Mahakama ya Juu ya Marekani: Rais Reagan alimpendekeza, Seneti ya taifa ikampitisha kwa kura 99 kwa 0.

Piga mstari juu ya 1981. Vyote vilivyo juu yake ni vya jimbo, na kila jimbo lina utaratibu wake wa kupata majaji. Hicho cha chini ni cha shirikisho, hakina ukomo wa miaka. Alikaa mpaka alipostaafu 2006. Wengi hukosea hapo, hata walimu wenzangu.

Swali litakuja tu: “Mwalimu, je, aliyemchangia jaji kampeni akishtakiwa mbele ya jaji huyo huyo?” Usikimbilie kujibu. Wakishachoka kubishana, waambie kwamba O'Connor alipostaafu alisimama hadharani kupinga majaji kugombea, akitaka tume iwachuje kwanza, kisha wateuliwe. Mwonyeshe muuliza swali mstari wa 1974, na unyamaze.

Kazi ya nyumbani: jedwali lile lile kwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Atakayeandika “Rais” peke yake mrudishie daftari, aongeze “baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama.”