Namna ya Kukabiliana na Dalili za Kukoma Hedhi Baada ya Kubadilishiwa Dawa ya Homoni

Mwanamke ambaye dalili za kukoma hedhi zilikuwa zimekwisha kumtulia huweza, wiki mbili tu baada ya kubadilishiwa dawa, kuamka saa tisa usiku shingo na mgongo vimelowa jasho, moyo unamwenda mbio, na dakika chache baadaye akatetemeka kwa baridi. Wengi wanapofikia hapo hurudia dawa ya zamani iliyosalia kabatini au hujiongezea dozi. Yote mawili ni makosa, kwa kuwa dalili za namna hii hutokana na sababu zaidi ya moja: huenda dozi mpya ni ndogo kuliko ya awali, huenda mwili bado haujaizoea, au huenda dawa yenyewe haiingii mwilini ipasavyo. Kila sababu ina dawa yake, na bila kuitambua mtu atakuwa anabahatisha.

Kwa hiyo anza na daftari. Andika tarehe uliyobadilishiwa dawa, jina na dozi ya zamani, jina na dozi ya mpya, kisha kila siku uandike idadi ya vipindi vya joto, yaani lile joto la ghafla lenye jasho, saa vilipotokea, jinsi ulivyolala na kama uliona damu. Faida ya daftari huonekana upesi. Tuseme unatumia plasta ya homoni inayobadilishwa mara mbili kwa wiki, na daftari linaonyesha kwamba joto hukujia siku ya mwisho tu kabla ya kuibandua. Hilo ni dokezo kwamba huenda dawa inapungua kabla ya wakati wake, na daktari atalifanyia kazi kwa urahisi kuliko malalamiko ya jumla kwamba dawa haifai.

Usilinganishe namba zilizoandikwa kwenye pakiti. Vidonge vya estrojeni, homoni ya kike inayopungua wakati wa kukoma hedhi, hupimwa kwa miligramu na hupitia kwanza kwenye ini, ilhali plasta hupimwa kwa mikrogramu zinazotoka kwa siku na dawa yake huingia kwenye damu moja kwa moja kupitia ngozi. Njia hiyo ya ngozi ndiyo ambayo madaktari huipendelea kwa mwenye hatari ya damu kuganda, lakini ngozi za watu hazifyonzi dawa kwa kiwango kimoja, na wawili wanaotumia plasta ileile huweza kupata matokeo tofauti kabisa.

Chunguza pia jinsi unavyoitumia. Plasta hubandikwa chini ya kiuno, kwa mfano kwenye tako, wala haibandikwi kamwe kwenye titi. Ngozi iwe safi, kavu, haina mafuta wala losheni wala poda, na kila mara ubadilishe mahali. Ibonyeze kwa kiganja kwa sekunde kama 10, ukizingatia kingo, kwa sababu plasta huanza kubanduka pembeni, mahali ambapo mshono wa nguo ya ndani huisugua. Anayetumia homoni ya jeli, ambayo hupakwa kwenye ngozi, aipake na kuiacha ikauke kabla ya kuvaa, asioge mara tu baada ya kupaka, na asimguse mtoto kwa ngozi iliyopakwa. Projesteroni ya vidonge, homoni nyingine ya kike ambayo mwenye mji wa mimba huihitaji pamoja na estrojeni ili utando wa ndani usinenepe kupita kiasi, huleta usingizi, hivyo kwa kawaida humezwa wakati wa kulala. Usiiache eti kwa sababu joto limekwisha: kazi yake kubwa si kuondoa joto.

Mfahamishe daktari au mfamasia dawa nyingine zote unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na kabamazepini na fenitoini za kifafa, huharakisha kuvunjwa kwa homoni mwilini. Aidha, anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo huenda akahitaji kupimwa upya akihamishwa kutoka vidonge vya estrojeni kwenda plasta, au kinyume chake.

Baada ya hayo, subira inahitajika. Maziwa kuuma, kichefuchefu na tumbo kujaa mara nyingi hupungua ndani ya miezi 3, na hicho ndicho kipindi cha kawaida cha kuipima dawa mpya. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja ndani ya kipindi hicho, la sivyo hutajua lipi lilikusaidia. Ikiwa badiliko lenyewe ni kuacha homoni, kupunguza dozi kidogo kidogo huweza kupunguza dalili za miezi ya mwanzo. Kwa muda mrefu, tofauti kati ya kupunguza polepole na kuacha mara moja haionekani.

Wakati unasubiri, punguza vichocheo. Estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili hushtuka kwa mabadiliko madogo sana, ikatanua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho kana kwamba mwili unaungua. Lala chumbani penye hewa, jifunike shuka mbili nyepesi badala ya blanketi moja zito, weka maji ya baridi na nguo kavu karibu na mto, na utazame kwenye daftari kama pombe, kahawa au pilipili hutangulia vipindi vyako; kama havitangulii, hakuna sababu ya kujinyima. Joto likizidi na homoni zisiongezeke, zipo dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini na gabapentini, ambazo daktari huweza kuziandika. Ukavu ukeni ni jambo jingine: hauishi kwa kungoja, na estrojeni ya kupaka ukeni husaidia hata pale ambapo plasta au vidonge havikutosha. Aliyewahi kuugua saratani ya titi ajadiliane kwanza na daktari wake wa saratani kabla ya kuitumia.

Yapo mambo yasiyongojewa miezi 3. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kupumua kwa shida, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au upande mmoja wa mwili kulegea, ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe kwenye titi unahitaji kuchunguzwa mapema. Damu kidogo isiyo na mpangilio huonekana mara nyingi miezi ya mwanzo ya dawa mpya, lakini ikiwa nyingi, ikiendelea baada ya miezi 6, au ikianza upya baada ya kukatika kwa muda mrefu, nenda ukapimwe, na uende na daftari lako pamoja na pakiti ya dawa yenyewe.