Saa mpya inakimbia? Ijaribu kwa dira

Saa ya springi, hata ya bei kali, ikianza ghafla kwenda mbele dakika kadhaa kwa siku, usiifungue. Utaua waranti bure. Weka dira mezani, mbali na simu na spika, upitishe saa juu yake taratibu. Sindano ikiyumba sana, saa imeshika sumaku: mizunguko ya springi ile nyembamba ya gurudumu la mizani (lile linalocheza huku na huku kupima muda) inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa, mapigo yanaongezeka. (Ikitikisika kidogo si hoja, ndani mna chuma.) Kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kwa sekunde chache. Kama saa inachelewa, huenda dira isikusaidie: ijaze ufunguo kwanza, ipime saa 24. Springi ya silikoni nayo haishiki sumaku; saa yenye springi hiyo ikikimbia, irudishe ulikonunua.